Sura ya Tatu: Upindo

Bisibo vumbi ni jekundu, na shati la shule ni jeupe. Mengi ninayokumbuka kuhusu malezi yetu, makali yake na upendo wake, yanaanzia hapo.

Bisibo ni kata ya wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, katika nchi ya Wasubi ambao ndugu zao wengi wako upande wa Ngara. Kiangazi kinapokolea, kuanzia Juni hadi Septemba, njia za miguu hugeuka unga. Mtoto anayetembea kwenda shule na kurudi hulibeba vumbi hilo miguuni, kwenye pindo za kaptula na hasa kwenye kola, mahali jasho linapokutana na udongo. Masika nayo ina yake: tope lililelile jekundu, likirushwa na visigino vya mwenzako aliye mbele yako, hukupata mgongoni. Wengi wetu tulikuwa na shati moja. Sheria ya shule ilitaka liwe jeupe Jumatatu asubuhi na liwe jeupe Ijumaa, na yule aliyeifanya sheria hiyo itekelezeke hakuwa mwalimu. Alikuwa mama, na mara nyingi dada mkubwa, akiwa ameinama juu ya karai jioni baada ya shamba.

Sare ilivuliwa kabla ya kuonja chakula. Hiyo ilikuwa amri ya kwanza nyumbani kwetu na katika nyumba zote za jirani nilizozijua. Unafika, unaamkia, unavua, unakunja, unavaa kikaptula cha nyumbani, ndipo unaulizia viazi. Kupanda mwembe na sare ilikuwa hatia. Kukaa chini na sare ilikuwa hatia, na tulijifunza kuchuchumaa kwa muda mrefu kama watu wazima waliokaa barazani. Mama akiona doa la tunda alilijua tunda lenyewe. La ndizi ndilo alilolichukia zaidi, kwa sababu utomvu wa ndizi ukishakauka kwenye nguo nyeupe hugeuka kahawia na hautoki tena. Alikuwa akilishika doa hilo kati ya vidole viwili na kusema, "Mwanangu, hili tutazeeka nalo."

Msomaji aliyezaliwa baada ya 1990 huenda asielewe kwa nini doa moja lilizua maombolezo. Ni lazima nieleze sabuni.

Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka kaskazini mwa mkoa wetu, vikaisha 1979. Mapigano hayakufika Biharamulo, lakini umaskini uliofuata ulifika kila kijiji cha Tanzania. Fedha za kigeni zilikuwa zimekwisha, mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, na viwanda vilikosa vipuri. Kati ya miaka hiyo na katikati ya miaka ya 1980, sabuni, sukari, chumvi na nguo vikawa vitu vya foleni. Bidhaa zilishuka kutoka Kampuni ya Biashara ya Mkoa, RTC, hadi duka la kijiji, na zilipofika ziligawiwa kwa kaya. Mche wa sabuni ulikatwa vipande kwa kisu au kwa uzi, na kipande cha familia kilifungwa kwenye kitambaa na kuwekwa juu, mahali ambapo mtoto hafiki. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoendesha msako dhidi ya walanguzi, sabuni ilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo mtu aliweza kukamatwa kwa kuvificha.

Sabuni ilipokosekana kabisa, akina mama walitumia majani ya mpapai. Unayaponda, unayasugua na nguo kwenye maji, yanatoa povu jepesi la kijani, na uchafu unalegea. Kwa kaptula ya kaki yalifaa sana. Kwa shati jeupe yalifaa nusu, kwani nguo ilikuwa safi bila kung'aa, ikielekea rangi ya maziwa yaliyolala. Ndiyo maana aliyekuwa na kijiwe cha bluu ya kufulia alikitunza, akikichovya mara moja tu kwenye maji ya mwisho. Kisha shati likaanikwa. Kama mvua ilinyesha, lilitandazwa juu ya kamba jikoni, juu ya mafiga, na asubuhi lilivaliwa likiwa na unyevu kwapani na harufu ya moshi. Pasi ya mkaa ilikuwa ya mwalimu, ya katekista na ya fundi. Sisi tulikunja kaptula kwa kufuata mstari wake, tukaiweka chini ya mkeka na kuilalia. Tulifundishwa kulala bila kugeukageuka.

Kitambaa chenyewe kilikuwa na hadithi yake, na inanigusa mpaka leo. Upande wa mashariki wa wilaya, kuelekea ziwani, sehemu ambayo sasa ni wilaya ya Chato, watu walilima pamba. Nchi ilikuwa na viwanda vya nguo: Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, na Mwatex cha Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo mkulima wa wilaya yetu aliuza pamba, pamba ikaondoka na lori, na mwanawe akarudishwa nyumbani kwa kukosa shati la pamba. Sababu zinajulikana: mashine zilisimama kwa kukosa vipuri, umeme haukutosha, na sehemu ya pamba iliuzwa nje ili nchi ipate fedha za kununulia mafuta. Ukizisoma leo zinaeleweka. Wakati ule, kwa mzazi aliyesimama mbele ya duka tupu mwezi Januari, hazikumvika mtoto.

Ndipo tunafika kwa fundi cherehani, na kwa kitu kilichoipa sura hii jina.

Fundi alikaa kwenye baraza ya duka, mashine yake ya miguu ikitazama njia. Januari alikuwa mtu muhimu kuliko mwenyekiti wa kijiji. Mzazi alileta kitambaa alichokipata kwa kibali, kwa kubahatisha au kwa ndugu aliyetoka Mwanza, na mazungumzo yalikuwa yaleyale kila mwaka. "Fundi, mpime, lakini usimshone huyu unayemwona," mama alisema. "Mshone wa mwaka kesho kutwa." Fundi alielewa. Kaptula ilikatwa pana, ikashikwa kiunoni kwa mkanda wa kamba, na chini ikaachwa na upindo mkubwa wa vidole vinne, wakati mwingine kiganja kizima. Sketi ya bluu ya dada ilikuwa hivyohivyo, na mabega ya blauzi yalishonwa mkunjo wa kufunguliwa baadaye. Kila mtoto alipokua, mama alifumua uzi, akateremsha upindo kidogo, akashona upya kwa mkono. Kitambaa kilichokuwa ndani kilikuwa hakijapauka, kwa hiyo kila upindo ulioteremshwa uliacha mstari wenye rangi mbichi. Ungeweza kuhesabu miaka ya mtoto kwenye sketi yake kama mtu anavyohesabu umri wa mti kwenye gogo lililokatwa. Msichana wa darasa la sita mwenye mistari mitatu alikuwa ni mtoto wa mama makini.

Nimeutaja upindo kwa kirefu kwa sababu ndani yake naona malezi yote tuliyopewa. Ulikuwa ukali, ndiyo. Hukuulizwa kama unapenda kuvaa kaptula inayofika chini ya magoti. Lakini ulikuwa ukali wenye hesabu, uliokukusudia uendelee kuwapo na uendelee kukua. Mtu aliyekuachia vidole vinne vya kitambaa katika mwaka wa njaa ya nguo alikuwa ameshakuona ukiwa mrefu.

Na sare hiyo haikuwa ya shule peke yake. Ilikuwa nguo njema pekee ya watoto wengi. Tuliivaa Jumapili kanisani, tuliivaa zahanati, tuliivaa msibani, tulipigwa nayo picha mpiga picha alipopita. Wapo watu wa rika langu ambao picha yao pekee ya utotoni ni ya shati jeupe na kaptula ya kaki, wamesimama wima, mikono ubavuni, kana kwamba wako mstarini.

Mavazi haya yalitoka mbali. Nchini Uingereza, Christ's Hospital, shule iliyoanzishwa London mwaka 1552 kwa ajili ya watoto fukara, iliwavisha wanafunzi makoti ya bluu, na wanafunzi wake wanayavaa hadi leo. Sare ilianza kama nguo ya sadaka, alama ya mtoto anayelishwa na wengine. Baadaye shule za matajiri ziliichukua zikaigeuza alama ya heshima, na wamisionari na serikali ya kikoloni wakaileta kwetu ikiwa na sura zote mbili. Kaki ilikuwa kitambaa cha jeshi la Waingereza nchini India katikati ya karne ya 19. Ilifika Afrika Mashariki na askari, ikabaki na polisi, matarishi na watoto wa shule. Katika shule kama Tabora, iliyofunguliwa miaka ya 1920 na kupokea wana wa machifu, kaptula ya kaki ilikwenda pamoja na gwaride, kengele na viranja. Baada ya uhuru tulibadilisha nyimbo na ramani ukutani. Gwaride, kengele na viranja vilibaki.

Kisha likaja jambo kubwa zaidi katika historia ya shule zetu. Novemba 1974 chama cha TANU, kikikutana Musoma, kiliamua kwamba kila mtoto aanze shule ya msingi ifikapo 1977. Wakati huohuo watu walikuwa wakihamishiwa vijijini kwa operesheni, na shule zikajengwa kwa nguvu za wananchi katika maeneo ambayo kabla ya hapo mtoto angelazimika kwenda kuishi misheni ili asome. Bila uamuzi huo, wengi wetu wa Bisibo tusingejua kusoma. Naandika hilo kwa shukrani ya kweli. Lakini walimu hawakutosha, na pengo lilizibwa na vijana waliomaliza darasa la saba na kufunzwa ualimu huku wakifundisha, walimu wa UPE, yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote. Kijana wa miaka kumi na minane aliwekwa mbele ya chumba kilichojaa watoto hadi mlangoni, wengine wamekalia matofali, vitabu vichache, chaki ya kugawana. Chombo ambacho hakikukosekana kilikuwa fimbo. Iliota nyuma ya darasa.

Asubuhi ilianza kwa mchakamchaka, halafu usafi wa mazingira, halafu mstarini. Rimu ya gari iliyotundikwa mtini ikigongwa, kila mtoto alijua mahali pake. Mwalimu wa zamu alipita na viranja wawili. Kucha. Meno. Masikio. Kola iligeuzwa kuonyesha upande wa ndani, kwa sababu hapo ndipo uongo wa usafi unapoonekana. Nywele zilitakiwa ziwe kipara, wavulana na wasichana sawasawa, na aliyezidisha alipitishiwa mkasi katikati ya kichwa, mfereji mmoja kutoka paji la uso hadi kisogoni, akabaki hivyo mpaka jioni nyumbani wembe ulipomalizia kazi. Miguu ilikaguliwa funza. Wengi tulikwenda pekupeku, na mtoto mwenye funza alitolewa mbele kana kwamba aliwaleta kwa makusudi.

Waliokosa walipelekwa upande wa pili. Hapo ukapigwa: makalioni kwa wavulana, viganjani kwa wasichana, siku nyingine bila kujali. Fimbo ya mpera haivunjiki. Tuliitambua kwa sauti yake hewani. Ulichapwa kwa shati chafu, kwa kuchelewa, kwa kuongea kilugha, kwa kukosea jedwali la saba, kwa kulia ulipochapwa. Aliyepata hesabu vibaya mbele ya ubao na yule aliyeiba embe walilipa kwa sarafu ileile. Na nyumbani usingesema. Ungesema, ungeulizwa, "Ulifanya nini hata mwalimu akachoka nawe?", na pengine ungeongezwa.

Rika langu hulizungumza jambo hili kwa namna moja tukikutana kwenye harusi na misiba. Tunacheka. Tunaigiza sauti ya mwalimu, tunaonyesha kovu. Halafu mtu mmoja, mara nyingi aliyefanikiwa, anahitimisha: fimbo ndiyo iliyotufikisha hapa. Wengine wanaitikia kwa kichwa.

Mimi siitikii. Naheshimu kumbukumbu za wenzangu, lakini hoja hiyo imechanganya mikono miwili iliyotulea. Mkono uliofua, uliopima, uliofumua upindo na kuushona tena ulikuwa mkali, na ulitufundisha kutunza kitu, kuamka, kuhesabu siku za wiki, kujiheshimu mbele za watu. Mkono ulioshika fimbo ulitufundisha kukaa kimya. Walioacha shule katika darasa la nne na la tano hawapo kwenye zile harusi kutoa ushuhuda wao. Nawakumbuka: mvulana aliyekuwa mwepesi wa hesabu kuliko sisi wote, ambaye alichapwa kwa kukosa sare wiki baada ya wiki, kosa ambalo mtoto hana uwezo wa kulirekebisha, mpaka siku moja akabaki na mbuzi. Fimbo haikumfikisha popote.

Tena fimbo yenyewe si urithi wa mababu kama tunavyopenda kusema. Wazee wetu walichapa watoto, sikatai. Lakini kuchapa kwa zamu, kwa idadi, hadharani, mtu akiwa mstarini, ni jambo lililokuja na serikali. Biharamulo mjini boma la Wajerumani bado limesimama. Katika makoloni yao viboko vilikuwa adhabu halali kwa Mwafrika, na nchi nzima iliwakumbuka kwa maneno mawili, hamsa ishirini, yaani viboko 25. Waingereza walipochukua nchi waliendelea na viboko katika mahakama na magereza. Mwalimu wa zamu hakuwa anamwiga babu yake.

Sheria ya leo ina mipaka ambayo wazazi wengi hawaijui. Kanuni za adhabu ya viboko zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, kama zilivyo tangu 2002, zinasema viboko visizidi vinne. Anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Kosa liwe zito. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule iwe haina. Na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu. Kwa kipimo hicho, karibu kila kilichotokea mstarini kwetu kisingekubalika, na kwa kipimo hicho mengi yanayotokea sasa hayakubaliki pia. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa 2009, uligundua kuwa takribani robo tatu ya Watanzania walipigwa au kuumizwa mwilini kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Sisi bado tunabishana.

Kwetu Kagera ubishi huo una kaburi. Agosti 2018, katika Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alipigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba, akafariki. Alikuwa na miaka 13. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtia mwalimu huyo hatiani kwa mauaji na kumhukumu kifo. Siku zile nilisikia watu wazima, wenye watoto, wakisema mwalimu alizidisha tu. Neno "alizidisha" lilinikaa kooni. Linakubali kwamba kipimo kipo, na kwamba mtoto ndiye anayekipimia kwa mwili wake.

Wasichana walibeba zaidi yetu katika haya yote, na nimeligundua hili nikiwa mtu mzima kwa kuwasikiliza dada zangu. Wao ndio waliofua, za kwao na zetu. Sketi ya bluu ilipochafuka katika siku zao za mwezi hakukuwa na pamba, hakukuwa na choo chenye maji, na mstarini hakukuwa na mahali pa kujificha. Wengi hawakuja shule siku hizo, na kesho yake wakachapwa kwa utoro. Shati langu moja lilikuwa tabu. Sketi yao moja ilikuwa sababu ya kupoteza masomo kila mwezi, na hakuna mtu mzima aliyelitamka jambo hilo kwa sauti.

Januari 2016 serikali ilianza kutekeleza elimumsingi bila ada, hadi kidato cha nne. Watoto walimiminika shuleni kama walivyomiminika miaka ya 1970, na tena baada ya ada ya shule za msingi kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini sare, madaftari na kalamu vilibaki kuwa jukumu la mzazi, na kwa kaya yenye watoto wanne wa shule inayoishi kwa muhogo na maharage, sare ndiyo ada. Vitambaa sasa vimejaa. Vingi ni vya tetroni, havipauki haraka, havihitaji kulaliwa, na mashati yaliyoshonwa tayari yananing'inia kwenye vibanda vya Lusahunga na Nyakanazi yakiwatazama abiria wa malori ya Rwanda. Kinachokosekana ni fedha mwezi wa Januari, mwezi ambao mazao ya vuli bado yako shambani na akiba imeliwa. Mafundi wachache niliowauliza wananiambia upindo unapungua. Nguo ya dukani haina upindo, mtoto akikua inanunuliwa nyingine, au hainunuliwi.

Nina mambo mawili ninayoyataka kwa shule za Bisibo, na si magumu. La kwanza, mtoto asiye na sare aingie darasani, na mwalimu mkuu azungumze na mzazi, wapatane lini itapatikana. Kosa la mfuko wa mzazi lisimalizikie kwenye ngozi ya mtoto. La pili ni lile daftari la adhabu. Mkutano ujao wa wazazi, kabla ya ajenda ya michango, mtu mmoja asimame aombe lisomwe. Aulize nani alichapwa, kwa kosa gani, viboko vingapi, na nani aliyetia sahihi. Kama daftari halipo, wazazi watakuwa wamepata ajenda ya mkutano huo.